Kikohozi Changu, Wimbo Wako

Ihumwa, Dodoma

Dada yangu Gaudensia,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, kama umekaa naomba usimame kidogo, uwaite na walioko uani, maana ninalo tangazo. Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo wetu wote, wa ng'ambo ya mto na wa huku, kwamba kikohozi cha mdogo wenu Alkwini kimeshika namba moja nchini. Kilishika wiki iliyopita, kimeshika wiki hii, na hakuna dalili ya kushuka. Ukisikiliza albamu ya Mwalimu Yudithi, wimbo wa pili, pale kabla ngoma hazijaingia, utasikia mwanamume anakohoa mara moja, kikavu, kama mtu aliyepaliwa na pumba. Ndiye mimi. Miaka hamsini na miwili niko hapa duniani, na hicho ndicho nilichovuma nacho.

Mnaweza kukaa.

Sasa hali yako, Dada. Goti linasemaje? Shemeji bado anabishana na redio wakati wa taarifa ya habari? Mahindi yamefika wapi, maana nasikia huko mvua imewahi. Huku kwetu imenyesha mara mbili, ya kwanza ya kutudanganya na ya pili ya kutuomba radhi. Wifi yako amepanda mtama nyuma ya nyumba na anautazama kila asubuhi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, tumbo, na macho ambayo sasa hayaoni waya mwembamba bila miwani. Karakana yangu iko palepale karibu na reli, naendelea kuwatengenezea watu spika na amplifaya, na wateja wangu wakubwa ni makwaya. Jumamosi mchana huku Ihumwa usipoona mlango wangu umezungukwa na spika za kanisa, ujue kuna msiba.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati simu iko mfukoni. Nimekupigia mara nne. Mara zote nne amepokea Xaveria, akaniambia mama yuko shambani. Hata saa mbili usiku, mama yuko shambani. Mara ya nne yule mwanao akaona aibu ya kunidanganya mjomba wake, akaniambia kilichotokea dukani. Ndiyo maana naandika. Na hata ungepokea wewe mwenyewe, Dada, najijua: ningeanza na utani, ningemaliza na utani, na salio likikatika ningemshukuru Mungu. Karatasi haina salio. Lakini nitaanzia mbali kidogo, univumilie, maana kisa hiki bila mwanzo wake kitanifanya nionekane mbaya, na pamoja na mwanzo wake kitanifanya nionekane mbaya zaidi, ila angalau utakielewa.

Huyu Mwalimu Yudithi ni Mgogo wa Mvumi, anafundisha fizikia sekondari, yuko kwenye miaka thelathini na kitu. Mfupi, mpole, ukimkuta njiani na kapu lake unaweza kumuuliza bei ya karanga. Lakini akilishika gitaa la umeme utasogea nyuma. Anatunga mwenyewe na anaimba mwenyewe, na muziki wake ni roki. Kama hujawahi kuusikia muziki huo vizuri, fikiria mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, halafu fikiria ndani ya ule mngurumo kuna mtu anakusimulia jambo la kweli. Amechanganya humo zeze la kwao, na ngoma anapiga mama yake mzazi na wenzake, kwa sababu kwa Wagogo wanawake ndio wanaozibana zile ngoma kati ya mapaja na kuzipiga mpaka ardhi inaitika. Makanisani walisema ni kelele. Vijana walisema ni muziki wa Wazungu. Siku hizi wote wanasema walijua tangu mwanzo.

Alikuja karakana kwangu mara ya kwanza na amplifaya iliyoungua kwenye harusi. Akaniamkia, akakaa kwenye kreti, akanisubiri. Mimi nikashika kazi, na unajua tabia yangu, nikishika kazi ya mikono mdomo unaanza kuimba wenyewe. Nilikuwa naimba ule wimbo wako.

Ndiyo. Ule.

Nauimba tangu nilipoondoka nyumbani, Dada, na sijui ni lini uliacha kuniuma ukaanza kuniliwaza. Nikimaliza kuunga waya namwona Mwalimu ameinama, viwiko magotini, kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Akaniuliza huo ni wimbo gani. Nikamwambia wa kwetu kusini, wanawake wanauimba wakipalilia. Akaniuliza ni wa nani. Nikasema wa kwetu tu. Akaniuliza tena, maana ni mwalimu, hataki jibu la nusu: ameutunga nani? Nikasema ni wa zamani. Akauliza mara ya tatu, polepole, kama anampa mwanafunzi nafasi ya mwisho ya kujirekebisha. Nikamjibu, "Hauna mwenyewe."

Nikamfundisha beti mbili. Unajua wimbo wako una beti tatu. Na neno la kwanza kabisa la ubeti wa kwanza, ambalo ni jina langu nililobatizwa kwa maji na chumvi, nikalitoa. Nikaweka "mpenzi".

Naomba unisubiri, usiichane barua.

Tuliirekodi albamu Kongwa, kwenye ghala la enzi zile za mradi wa karanga wa Waingereza, ambalo sasa linatunza majani ya ng'ombe. Kuta zake ni nene, bati lake ni bovu. Upepo wa huku unaujua kwa kusimuliwa, mimi naujua kwa meno. Ukianza, bati linapiga makofi, tunazima mitambo na kusubiri. Tulining'iniza magunia, tukaegesha magodoro ukutani, mimi nikakaa na mashine yangu kwenye kona yenye vumbi kuliko zote kwa sababu ndipo umeme ulipofika. Mwalimu akaja kuuimba wako. Upepo ukalala. Akina mama wakashika ngoma. Ikawa kimya cha namna ambayo hata ng'ombe waliacha kutafuna, na hapo ndipo mimi nikakohoa. Nikataka kuzima turudie. Mwalimu akanikataza kwa kidole na kuanza kuimba, na alivyoimba, Dada, hakuna aliyethubutu kudai turudie. Kikohozi kikabaki.

Albamu ikatoka. Ameiita kwa jina la wimbo wako, *Kaenda Kunywa Maji*. Tulitegemea isikilizwe na wanafunzi wake na mama yake. Mwezi haukuisha ikawa namba moja kwenye redio zote, na huo wimbo ndio ulioibeba mgongoni. Umeimbwa na bodaboda, umeimbwa na wauza zabibu stendi, umeimbwa na bwana harusi mmoja pale Chamwino ambaye ilibidi azuiwe, maana si wimbo wa kuimba siku ya ndoa. Na kila mtu ana maana yake. Maji yakikatika mjini watu wanasema wimbo unausema mgawo wa maji. Wanawake walioachwa wanasema unawasema waume zao. Redioni walimleta msomi mmoja akafafanua kwa nusu saa kile kibuyu cha mstari wa pili. Kwa nini mtu aende kisimani na kibuyu kimejaa kivulini? Akasema kibuyu ni moyo. Mwingine akapiga simu kusema kibuyu ni nchi. Mimi nilikuwa nabadilisha fyuzi, nikasema kimoyomoyo kibuyu ni kibuyu, na nikaongeza sauti ya kazi yangu nisiendelee kuwasikia.

Wifi yako naye alinikalia kooni. Anausikia wimbo, anaugeukia uso wangu. "Huyu mpenzi wa huko kwenu aliyekwenda kunywa maji ni nani? Mbona unauimba kwa hisia hivyo, Baba Kosmasi? Mlikuwa mnasubiriana kisimani?" Nikajitetea kwamba ni wimbo wa wanawake wazee. Akasema hata wanawake wazee walikuwa wasichana. Wiki nzima nikala mlenda usio na karanga.

Halafu Mwalimu akaniletea karatasi ya jalada iliyochapwa, kwa furaha, anionyeshe jina langu. Lipo. Chini kabisa pameandikwa: mitambo na kikohozi, Fundi Alkwini. Nikacheka mpaka nikavua miwani. Nilipoirudisha nikasoma mstari wa juu yake. Wimbo wa pili, wimbo wa asili wa kusini mwa Tanzania, mtunzi hajulikani.

Kikohozi kina mwenyewe, kimeandikwa. Wimbo hauna.

Nilijua siku ile ile kwamba hilo si jambo la kuachwa, na nikaliacha. Nikajiambia ukoo wetu si watu wa kujitangaza. Ndivyo tulivyolelewa: mwenye kazi nzuri hajitaji, anasema ni ya wazee, ni ya Mungu, ni ya wote. Ukisifiwa mahindi unasema ni udongo. Nikajificha ndani ya adabu hiyo kama kuku chini ya kitanda, na mkia wangu ulionekana kwangu mwenyewe tu. Maana mtu akisema kazi yake haina mwenyewe, hiyo ni adabu. Akisema hivyo juu ya kazi ya dada yake, hilo lina jina jingine.

Ndipo Xaveria aliponisimulia ya dukani. Kwamba ulikwenda kununua chumvi, redio ya mwenye duka ikaupiga wimbo, ukasimama ukausikiliza mpaka mwisho. Kwamba ukasema, bila kujivuna, kama mtu anayetambua kitambaa chake kwenye kamba ya jirani, "Huu wimbo ni wangu." Kwamba vijana wakacheka, na mwenye duka akafungua simu yake akakusomea kwa sauti mbele za watu: mtunzi hajulikani. Kwamba mmoja akasema bibi naye anataka kwenda namba moja. Kwamba uliiacha chumvi juu ya meza ukaondoka.

Na wale waliokuwa nawe shambani siku ile ulipoutunga, Dada, nimewahesabu kwa vidole nikiwa nimelala. Mama, aliyekuwa ameketi kivulini na mguu wake, hayupo. Mama Teodora hayupo. Mama mkubwa Sekunda hayupo. Shangazi Filomena yupo, lakini masikio yamemwacha. Kwa hiyo duniani kuna mtu mmoja mwenye masikio anayeweza kusema kwamba wimbo ule ulitoka kinywani mwako, na mtu huyo ndiye aliyesema hauna mwenyewe.

Kesho yake nilifunga karakana, nikaenda Mvumi. Kwaya tatu ziliniona nafunga na kila moja ikaomba nifunguliwe macho. Nilimkuta Mwalimu anasahihisha madaftari nje ya nyumba yake. Akaniamkia, akaniletea kigoda, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitatafuta kichekesho. Alinisikiliza na kalamu nyekundu mkononi.

"Fundi, nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ukanijibuje?"

"Hauna mwenyewe."

Akafunga daftari. Akasema, taratibu, na ningeona nafuu kama angepaza sauti, "Mama yangu anapiga ngoma tangu sijazaliwa. Wamekuja watu na mashine zao, wakaondoka na nyimbo zake, wakaandika ni za asili. Nilianza muziki ili jambo hilo lisimkute tena mtu. Leo unaniambia aliyelifanya ni mimi."

Nikakaa. Akaniuliza huyo mpenzi aliyekwenda kunywa maji alikuwa nani hasa wa dada yangu. Nikamwambia si mpenzi. Palikuwa na jina, nimeliondoa. Jina gani? Nikamwambia Alkwini. Akaniangalia kuanzia kipara mpaka kandambili, bila haraka, kama anatafuta katika mwili huu mahali ambapo nchi nzima imelilia. Halafu akacheka, Dada. Alicheka mpaka kalamu ikamwanguka, mpaka mama yake akatoka ndani kuuliza kuna nini, na alipoelezwa yule mama hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu: dada yako anaitwa nani? Nikamtajia. Akalirudia jina lako mara mbili, Gaudensia, Gaudensia, ili asilisahau.

Toka siku hiyo mambo yamekwenda hivi. Mwalimu amesimamisha uchapaji wa jalada. Jumamosi iliyopita alikuwa na onyesho hapa mjini, uwanja umejaa mpaka watu wamekaa juu ya ukuta, na kuanzia wimbo wa kwanza wanadai huo wako. Mimi niko kwenye mitambo. Mwishoni akasogea kwenye kipaza sauti akasema, "Wimbo huo una mwenyewe. Anaitwa Gaudensia, yuko Songea. Sikumwomba. Natuma kumwomba. Akikataa, hamtausikia kwangu tena." Wakazomea. Kuna waliorusha chupa za maji, tupu nashukuru. Akapiga nyimbo nyingine nne huku wanazomea, na kufika wa nne wamechoka kuzomea wakaanza kucheza. Mwanamuziki aliye namba moja kwa wimbo fulani amekataa kuuimba wimbo huo, kwa ajili yako, mbele ya watu wake. Nimeona nikuambie hilo kabla ya lingine, ili kama unamkasirikia mtu usimkasirikie yeye.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu kutoka ofisi inayosajili nyimbo. Ukurasa wa kwanza ni wako. Andika jina lako lote kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, na uweke sahihi kama unakubali jina lako liandikwe. Chini yake kuna mahali pa kuruhusu wimbo uimbwe au kukataza. Hapo sikushauri. Hilo ni lako, na Mwalimu amesema atakubali lolote. Ila kama utaruhusu, ameomba kwa unyenyekevu umpe na ubeti wa tatu, kwa sauti yako, na jina lirudishwe mahali pake. Nilimwambia jina langu haliimbiki. Akasema mbona limeimbwa miaka yote hii na wanawake wa kijiji kizima.

Ukurasa wa pili ni wangu, wa shahidi. Kuna nafasi ya mistari kumi: shahidi aeleze wimbo ulitungwa lini, wapi na kwa sababu gani. Mistari kumi tu, Dada, na imenichukua siku tano. Mara ya kwanza niliandika kwamba wimbo ulitungwa wakati kijana wa familia alipokwenda mjini kutafuta kazi kwa baraka za wazazi. Mara ya pili niliandika kwamba kijana alizidiwa na jua akaondoka shambani, na baadaye mambo yakamwelekeza mjini. Wifi yako alisoma begani kwangu, mkono kiunoni.

"Baba Kosmasi, mbona kila ukiandika wewe unakuwa shujaa?"

Nikazichana zote. Ameniletea fomu nyingine kutoka mjini yeye mwenyewe, kwa mguu kutoka kituoni, na mlenda umerudiwa na karanga. Nadhani ananitia moyo.

Ya mwisho nimeijaza leo, nimeitia sahihi. Mwalimu ataisoma redioni siku watakayotangaza jina lako, mimi nikiwa nimekaa hapohapo, na msomi wa kibuyu amealikwa. Kabla haijasomwa kwa mtu mwingine yeyote, nimeona uisome wewe. Nimeinakili hapa chini. Na shule zikifungwa Mwalimu na mama yake watakuja huko kukuamkia, nami nitakuja nao, kabla hamjamaliza kupalilia. Nitakuja na jembe langu. Usicheke. Nimelinunua, nimelitia mpini, na jioni nafanya mazoezi kwenye mtama wa wifi yako, ambaye ameniomba mara mbili niache kabla sijaumaliza wote. Nipimie ngwe moja ya kupalilia, upana ule ule wa siku ile. Hata kama itanichukua wiki na mkilazimika kunibeba, nitaimaliza, na nitapita na dukani nikiwa bado na udongo miguuni nimweleze mwenye duka huo wimbo ni wa nani na umemtaja nani.

Salamu nizitoe hapa, maana nikishaandika yanayofuata sitakuwa na mdomo wa salamu. Nisalimie shemeji, mwambie redio haisikii. Nisalimie mpwa wangu Xaveria, aliyenipa aibu niliyoihitaji. Mwambie shikamoo Shangazi Filomena, kwa ishara ya mkono kifuani kama anavyopenda, naye nitamwandikia mambo haya kwa herufi kubwa asome mwenyewe. Wifi yako anakuamkia na kukuletea pakiti ya zabibu kavu, iko kwa dereva wa basi pamoja na barua hii. Kosmasi anakuamkia shangazi yake. Mama wa Mwalimu Yudithi, ambaye hujamwona, amesema uambiwe kwamba ngoma yake inakungoja ukubali au ukatae, ndipo itajua cha kufanya.

Maelezo ya shahidi ni haya.

"Wimbo huu umetungwa na dada yangu Gaudensia shambani kwetu, Songea vijijini, msimu wa palizi, miaka thelathini na mitatu iliyopita. Baba alikuwa amefariki na mama alikuwa na mguu mbaya. Dada alikuwa amepata barua ya kwenda chuo cha ualimu na alitakiwa kuondoka Jumatatu. Ilikubaliwa mbele ya mama kwamba yeye aende, mimi nibaki nilime. Nilikubali kwa mdomo wangu. Siku ya Ijumaa tulikuwa tunapalilia na wanawake majirani, kila mtu ngwe yake. Nilikuwa nimevaa mashati mawili, na nguo nyingine nilikwishazificha kwenye kichaka cha kisimani tangu alfajiri, kwa sababu nilikuwa nimepatana na utingo wa lori. Dada aliona mashati mawili, akaniuliza, nikamwambia nina homa. Akanishika shingo kupima. Akasema, nenda kanywe maji ukalale kivulini, ngwe yako nitaisogeza. Nikamwambia ya kisimani ni baridi zaidi. Nikaondoka, nikajificha kichakani kusubiri lori. Ngwe yangu aliimaliza yeye, na wimbo aliutunga akiimaliza; niliusikia wote kutoka kichakani kabla sijapanda lori. Kwanza alikuwa ananiita, baadaye akajua. Jumatatu hakwenda chuoni, kwa sababu hapakuwa na wa kubaki na mama. Miaka yote nimewaambia watu kwamba dada yangu hakupenda shule. Si kweli. Ubeti wa tatu unaitaja barua iliyobaki dirishani, ndiyo maana nilimfundisha Mwalimu beti mbili tu. Aliyetajwa katika wimbo ni mimi. Kuhusu kibuyu ambacho watu wanauliza, kilikuwa kibuyu cha maji cha kawaida. Dada alikichota asubuhi akakiweka mwisho wa ngwe yangu. Kilikuwa kimejaa. Sikuwa na kiu."

Nilizidisha mistari miwili, nimeandika pembeni.

Mdogo wako,
Alkwini